Jenerali ana kesi: abaki ofisini au akae kando?

Mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Kwa nini basi jenerali aondolewe kabla ya hukumu?

Kumweka kando si kumhukumu. Wasiwasi wangu ni mashahidi. Wengi wao huwa ni askari wake mwenyewe: dereva, mlinzi, koplo aliyepokea amri kwa redio. Yeye ndiye mwenye sauti juu ya uhamisho wao, vyeo vyao na likizo zao. Koplo atamtajaje kizimbani leo, na kesho asubuhi ampigie saluti? Na vitabu vya kumbukumbu za amri vimo kambini mwake. Huenda asimtishe mtu yeyote. Kuwepo kwake tu kunatosha kufunga midomo. Abaki na cheo na mshahara wake, ila akabidhi kamandi mpaka kesi iishe.

Si kila adui yake atamfungulia kesi ili amng'oe?

Hoja nzito, wala siidharau. Ndiyo maana nasema asimamishwe pale mashtaka yanapokubaliwa na jaji, si kwa tetesi wala barua ya malalamiko. Ramush Haradinaj, aliyewahi kuwa kamanda wa waasi wa Kosovo, alikuwa waziri mkuu aliposhtakiwa katika mahakama ya kimataifa mjini The Hague, Uholanzi, Machi 2005. Alijiuzulu, akajisalimisha. Akaachiwa huru 2008, na tena 2012 baada ya sehemu ya kesi kurudiwa kutokana na vitisho kwa mashahidi (vitisho tena!). Mwaka 2017 alirudi kwenye kiti kile kile.

Vita vikiwa vinaendelea je? Jeshi halitayumba?

Kamanda akiuawa leo, naibu wake anashika usukani leo hii hii. Jeshi limeundwa hivyo. Jeshi linalomtegemea mtu mmoja lina ugonjwa mwingine kabisa.

Hoja hii ya kutomgusa kamanda kwa sababu ya "amani kwanza" ndiyo iliyombeba Bosco Ntaganda, kamanda wa waasi mashariki mwa Kongo. Hati ya kumkamata ya ICC, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai iliyoko The Hague, ilitolewa 2006, ikatangazwa hadharani 2008. Mwaka uliofuata akaingizwa katika jeshi la Kongo akiwa jenerali, eti kuilinda amani. Amani gani? Mwaka 2012 alikuwa katika uasi wa M23, na watu wa Kivu wakakimbia makwao upya. Machi 2013 aliingia mwenyewe katika ubalozi wa Marekani mjini Kigali, akaomba apelekwe The Hague. Mwaka 2019 alifungwa miaka 30.

Akistaafu katikati ya kesi, alipwe mafao?

Alipwe. Akipatikana na hatia, sheria ya nchi yake iamue.

Ashtakiwe mahakama ya kijeshi au ya kiraia?

Utoro na utovu wa nidhamu ni mambo ya kijeshi. Ila aliyeshtakiwa kuua au kutesa raia apelekwe mahakama ya kiraia. Katika mahakama ya kijeshi waamuzi kwa kawaida ni maafisa, na mshtakiwa akiwa mkuu wa majeshi, nani kati yao hajawahi kuwa chini yake?