Mkuu, usilipe kabla hujaona jina lililo chini ya wimbo

Mkuu, usitume hiyo hela! Umesema unamtafutia mzee wako santuri ya Masters Apprentices, ile bendi ya rock ya Australia, kwa sababu alikuwa anaupenda "Wars or Hands of Time", ukauliza bei, sindano ya kununua na namna ya kuisafirisha. Halafu unasema muuzaji anakuhakikishia kwamba LP (albamu) yake ya 1971 ni "bendi ile ile". Maneno hayo hayo niliambiwa mimi Melbourne, na mzee mwenye mvi na sauti ya upole, nikatoa dola 180 bila hata kuomba aipige niisikie.

Nikafika chumbani, nikaweka sindano. Ni Choice Cuts, albamu hiyo hiyo ya 1971. Wimbo wa kwanza, "Rio de Camero", gitaa safi, limetulia. Nikasubiri lile gitaa la "Undecided", wimbo wao wa mwanzoni, linalokwaruza kama bati linaburutwa kwenye saruji. Nikageuza upande wa pili, nikasubiri tena. Nikadhani kava ni yao ila sahani ya ndani ni ya watu wengine. Nikaitoa, nikaisogeza kwenye taa, nikasoma lebo ya katikati. Chini ya nyimbo, pale yanapoandikwa majina ya watunzi, karibu kila mahali ni Ford na Keays. Bower hayupo.

Mick Bower ndiye aliyekuwa mtunzi wa bendi ilipoanza Adelaide mwaka 1965. "Undecided" ya 1966 ina mkono wake, na huo wimbo wa mzee wako, uliokaa upande wa pili wa singo hiyo hiyo (santuri ndogo ya nyimbo mbili), ni wake. Mwaka 1967 akili ilimlemea katikati ya ziara, akaacha muziki. Mwaka huo huo wakatoka Rick Morrison wa gitaa na Brian Vaughton wa drams. Mwaka 1968 vidonda vya tumbo vikamtoa Gavin Webb wa besi. Akabaki mwimbaji tu, Jim Keays. Wakaingia Doug Ford kwenye gitaa, Glenn Wheatley kwenye besi na Colin Burgess kwenye drams (huyu ndiye baadaye alikuwa mpiga drams wa kwanza wa bendi ya AC/DC). Hao wanne ndio walioenda London kurekodi Choice Cuts pale studio za Abbey Road.

Sasa mtu anayeuza santuri miaka yote hiyo hajui haya? Anajua! Kama jina la bendi linatosha, basi kila aliyevaa jezi ya Simba adai mshahara wa klabu. Niliporudi dukani Melbourne yule mwenye mvi akaniambia kwa upole ule ule, "Lakini Keays yupo." Hela hakurudisha.

Na nisieleweke vibaya, Ford ni fundi. Leo "Because I Love You" naipiga hata mara tatu kwa siku. Lakini mzee wako hakukuomba Ford.

Kwa hiyo usiulize jina la bendi, usiulize hata hali ya kava. Mwambie apige picha ya lebo ya katikati, kwa karibu, mpaka maandishi madogo chini ya jina la wimbo yasomeke. Akisema simu yake haina kamera nzuri, achana naye. Akituma, iweke hapa kabla hujalipa, nipo hewani mpaka usiku.