Maswali ya Wasomaji: Kamanda Aliyerudisha Askari Wake Nyuma

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesoma kwamba Luteni Audie Murphy alipewa nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Marekani kwa pambano ambalo, lilipoanza tu, aliwaamuru askari wake warudi nyuma. Kamanda shujaa ninayemjua mimi ni yule anayesema "Mbele!" Je, kurudi nyuma nako kunahesabiwa kuwa ushujaa?

JIBU: Ndugu msomaji, swali lako lina msingi, ila limeishia katikati ya kisa: waliorudi nyuma ni askari, kamanda alibaki.

Tarehe 26 Januari 1945, karibu na kijiji cha Holtzwihr, mashariki mwa Ufaransa, Murphy alikuwa akiongoza kombania B ya Rejimenti ya 15 ya askari wa miguu, iliyokwisha kupoteza watu wengi katika mapigano ya siku zilizotangulia. Ardhi ilikuwa imeganda kwa baridi kiasi kwamba mahandaki hayakuchimbika. Vifaru 6 vya Wajerumani vilipojitokeza pamoja na askari wa miguu wengi, na gari moja la deraya la Wamarekani likapigwa na kuwaka moto, kuwaacha watu uwandani pasipo kinga kungekuwa kuwatoa kafara. Akawapeleka msituni, yeye akabaki na simu ya kuwasiliana na wapigaji mizinga.

Wasimulizi wengi hukimbilia habari ya bunduki ya rashasha, na sikatai kwamba inasisimua, lakini kwa maoni yangu simu ile ndiyo iliyobeba uzito wa siku. Mizinga hupigwa kutoka mbali, na wapigaji hawaioni shabaha. Lazima awepo mtu mbele anayeona kombora limeangukia wapi, kisha aseme lisogezwe kulia, kushoto au karibu zaidi. Laiti Murphy naye angeingia msituni, mizinga ingebaki bila macho.

Adui alipokaribia, alipanda juu ya gari lile lililokuwa likiungua, ambalo lingeweza kulipuka wakati wowote, akashika rashasha ya gari hilo huku akiendelea kuelekeza mizinga kwa simu. Aliwalenga askari wa miguu, na hapo ndipo panapoonekana akili ya kamanda, kwa sababu risasi za rashasha hazitoboi kifaru kizito, lakini kifaru kilichoachwa peke yake hakimwoni vizuri mtu anayekinyemelea kwa karibu, kwa hiyo wafanyakazi wake huogopa kusonga mbele bila ulinzi. Wajerumani walimfikia hadi umbali wa mita 9 hivi. Askari wao walipozidi kuanguka, vifaru navyo vikaanza kurudi. Alishikilia mahali pale kwa muda wa saa nzima, akajeruhiwa mguu, na hakushuka mpaka risasi zilipokwisha.

Alikuwa na umri wa miaka 19. (Wengi wetu katika umri huo hatujawahi kuamuru hata timu ya mpira.)

Sehemu iliyobaki ndiyo inayojibu swali lako. Aliposhuka, Murphy alichechemea hadi msituni, akakataa kutibiwa kwanza, akaipanga kombania upya na kuiongoza katika shambulio lililowalazimisha Wajerumani kuondoka. Walioshambulia siku ile ni wale wale aliokuwa amewarudisha nyuma.