Kwa nini filamu hii inawaliza wengine na kuwachosha wengine

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini Everything Everywhere All at Once, iliyotwaa tuzo saba za Oscar mwezi Machi 2023, imewaliza wenzako ilhali wewe uliizima katikati, na kama inafaa kwa watoto. Nimeitazama na jamaa wa rika tofauti, na ninaamini kinachowagawa watazamaji si ugumu wa malimwengu yake mengi, ambamo Evelyn, mwenye duka la kufulia nguo, ana maisha tofauti katika kila ulimwengu, bali ni kile ambacho kila mmoja alikishika katika dakika za mwanzo.

Mjomba wangu, anayempenda Michelle Yeoh, mwigizaji wa Evelyn, tangu enzi za filamu zake za Hong Kong, alitafuta mapigano. Alishangilia Ke Huy Quan, anayeigiza Waymond, mume wa Evelyn, alipowaangusha walinzi wa ofisi ya kodi kwa mkoba wa kiunoni, lakini pigano hilo huja mapema, na mengi yaliyofuata, hasa watu wenye vidole vya soseji, aliyaona upuuzi. Binti yake alishika tukio fupi katika duka la kufulia nguo, pale Evelyn anapomtambulisha mpenzi wa kike wa bintiye Joy kwa babu kuwa ni rafiki tu, na uso wa Joy unasinyaa. Kwa aliyeliona hilo, Jobu Tupaki, adui mkuu wa filamu, si adui wa kawaida: ni Joy yule yule, ambaye mama yake wa ulimwengu mwingine alimsukuma kupita uwezo wake hadi akili ikapasuka. Ndiyo maana mawe mawili, yaani Evelyn na Joy katika ulimwengu mwingine, yaliyokaa ukingoni mwa genge, yakizungumza kwa maandishi bila sauti, yalimliza binti wa mjomba: baada ya kelele zote zile, mama na mwana wanapata mahali pa kusemezana pasipo na kodi, wateja wala babu wa kumwogopa.

Nakushauri uirudie ukimfuatilia Waymond. Mwanzoni anaonekana mume dhaifu, anayebandika macho ya kuchezea kwenye mafurushi ya nguo huku ameandaa hati za talaka; kumbe ombi lake kwamba watu watendeane wema ndilo linalobadilisha namna Evelyn anavyopigana, na asiyemwelewa yeye huiona sehemu ya mwisho kuwa fujo tupu. Hata hivyo, dakika 139 ni nyingi, na kisa cha mpishi na rakuni (mnyama mdogo wa Marekani) kingefupishwa.

Watoto wadogo usiwaonyeshe. Nchini Marekani filamu hii iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 huingia na mzazi au mlezi, kwa kuwa ina lugha chafu, damu, na pigano linalohusisha vifaa vya ngono. Vijana wakubwa wanaweza kuitazama, nawe ukae nao.