Kwa nini meli ya doria ya mita 90 inabeba mzinga mmoja tu? Jibu refu la fundi wa injini

Wakuu, nimesoma swali la mwenzetu hapo juu: kwa nini nchi inunue meli ya doria ya mita 90 yenye mzinga mmoja mdogo na mwendo wa noti ishirini na kitu (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), wakati kwa hela hiyohiyo ingepata boti kadhaa za kasi zenye makombora? Wengi wamemjibu kwa siasa. Mimi si mwanajeshi. Maisha yangu yameishia kwenye chumba cha injini, kwanza meli za kuhudumia visima vya mafuta kule Ghuba, kisha karakana hukohuko ambako meli za doria za nchi mbalimbali zilikuwa zikipandishwa chelezoni. Kwa hiyo nitajibu kutokea chini, penye oili na joto.

Eneo la kiuchumi la baharini linafika maili 200 kutoka pwani, kama kilomita 370. Ukienda noti 20 bila kupumzika, ni saa kumi hadi ukingoni. Boti ya mita 30 au 40 ikifika huko, hasa Julai kusi likiwa limekaza, mafuta yameshashuka, nusu ya mabaharia wamelala na ndoo pembeni, na kazi haijaanza. Na kazi yenyewe ni kukaa. Meli ya kigeni inayovua kwa kamba ndefu za ndoana haina haja ya kushindana nawe mbio. Inangoja tu uondoke.

Angalieni HMS Forth ya Uingereza na dada zake wanne, toleo la pili la daraja la River, yaani kundi la meli za mchoro mmoja. Mita 90.5, tani kama 2,000, noti 24 hivi, maili 5,500 bila kuongeza mafuta, siku 35 bila kuingia bandarini. Mzinga wake mkuu ni wa milimita 30. Mbili kati yake, HMS Tamar na HMS Spey, ziliondoka Portsmouth Septemba 2021 kuelekea Bahari ya Hindi na Pasifiki, zikabaki hukohuko. Wanaosafiri kwenda nyumbani ni mabaharia, wanabadilishana kwa zamu. Hakuna boti ya makombora inayoweza kazi hiyo, hata ukizinunua kumi.

Kuhusu mwendo. Chombo kisichopaa juu ya maji kinasukuma wimbi lake chenyewe, na kadiri kilivyo kirefu ndivyo kinavyoweza kwenda mbio kabla wimbi hilo halijawa kilima cha kupanda. Kwa mita 90 kilima hicho kinaanza karibu na noti 22. Ukitaka kupita hapo, kila noti ya ziada unailipia kwa injini kubwa zaidi, na injini kubwa zaidi inakula nafasi ya matangi. Kwa hesabu ya harakaharaka, mwendo mara mbili unataka nguvu mara nane. Waholanzi waliliona hilo wakaacha kubishana nalo: meli zao za daraja la Holland zina mita 108 na tani 3,750, na mwendo ni noti 21.5 tu. Wanazipeleka mpaka Karibi kwenye boti za wauza unga, boti ambazo zinaiacha meli hiyo mbali. Lakini meli haifukuzi. Inayofukuza ni helikopta inayotoka kwenye banda lake na boti ya kasi inayoteremka kwa mtelezo wa tezini, yaani nyuma ya meli. Meli ni pa kurudia, pa kujaza mafuta na pa kuwafungia waliokamatwa.

Sasa nije kwangu. Adui mkubwa wa meli ya doria ni mwendo wa polepole. Doria ni noti sita, saba, nane, usiku kucha, wiki nzima. Dizeli kubwa iliyotengenezwa kusukuma noti 24 ukiizungusha hivyo, joto ndani ya silinda halitoshi kuchoma mafuta yote. Masizi mabichi yanaganda kwenye njia ya moshi, ringi zinakwama, kuta za silinda zinasuguka hadi zinang'aa na oili haishiki tena. Kuna meli moja, bendera yake siitaji, tulifungua turbo zake tukakuta tope jeusi linalonata kote kwenye mabawa. Tulikuwa tunalikwangua kwa vipande vya mbao, maana bisibisi ingekwaruza chuma na turbo ikipoteza urari ndiyo basi. Daftari la injini lilionyesha kurasa kwa kurasa za mzigo mdogo, bila hata saa moja ya kuikimbiza ipumue. Chifu wake, yaani mkuu wa mafundi wa injini, alikuwa analaumu mafuta machafu. Mafuta yalikuwa safi.

Ndiyo maana mimi nikiangalia meli mpya ya doria, mzinga sioni. Naangalia injini zimefungwaje kwenye shafti, ule mhimili unaozungusha pangaboi. Waayalandi kwenye LÉ Samuel Beckett, iliyoingia kazini 2014, na Wahispania kwenye daraja la Meteoro waliweka mota za umeme za kuzungusha shafti wakati wa mwendo mdogo. Dizeli kubwa zinazimwa kabisa. Jenereta, ambayo ingewaka tu kwa ajili ya friji, taa na rada, inapata mzigo wa maana na inasukuma meli juu yake. Mafuta yanaokolewa, sawa, lakini kwangu faida kubwa ni kwamba siku ukihitaji noti 23 injini ziko safi, hazitemi moshi mweusi zikafa njiani.

Jingine ambalo vipeperushi vya wauzaji havisemi ni kuyumba. Mapezi ya kutuliza meli chini ya maji yanafanya kazi maji yakipita kwa kasi. Ukisimama, mengi yanakuwa chuma cha kubeba bure, na meli ya doria inasimama sana. Waundaji makini huongeza matangi ambamo maji huhama upande hadi upande kwa kupishana na mbingirio wa meli. Muulize mpishi, si nahodha, kama matangi hayo yanafanya kazi.

Na ukaguzi haufanywi na meli. Unafanywa na watu wachache ndani ya boti ya mpira. Kwenye meli za visima tulikuwa na boti ya uokoaji ya aina hiyohiyo, inashushwa ubavuni kwa winchi, na mazoezi yake siyapendi mpaka leo. Hatari iko pale boti imeshagusa maji lakini ndoano haijaachia. Wimbi likishuka, boti inabaki inaning'inia na watu ndani. Likipanda, waya unalegea na ile ndoano inapita usawa wa uso. Anayeachia husubiri boti iwe mgongoni mwa wimbi, na akichelewa kidogo tu anangoja wimbi jingine huku wenzake wanamtolea macho. Kwa hiyo mtelezo wa tezini si pambo. Meli ya doria L'Adroit, iliyojengwa na kampuni ya DCNS ya Ufaransa na kuazimwa jeshi la wanamaji la nchi hiyo tangu 2011, ilikuwa na mitelezo miwili ya kutoa boti ndani ya dakika tano, na chumba cha usukani chenye madirisha pande zote, ili anayeendesha aone na boti inayorudi nyuma yake. Argentina iliinunua, leo inaitwa ARA Bouchard. Mtelezo nao una shida zake: tezi ikipigapiga kwenye mawimbi makubwa, kuingiza boti ni kama kuparamia basi linaloondoka. Bado nauchagua mbele ya ndoano.

Silaha sasa, maana ndiyo hasa mliyoitaka. Nyingi za meli hizi zimejengwa kwa kanuni zilizo karibu na za meli za biashara. Ndiyo maana bei inashuka, na ndiyo maana hazivumilii kipigo kama frigeti, meli halisi ya vita. Mzinga wa milimita 30 au 76 unatosha kumsimamisha mvuvi haramu au haramia. Vita vya kweli ni habari nyingine. Urusi ilikuwa na meli za doria za mradi 22160, mita 94, za kisasa, zenye nafasi ya makontena ya silaha. Moja walifikia kuiegeshea mtambo wa makombora ya Tor, ya kutungulia ndege, juu ya sitaha ya helikopta. Machi 2024 mojawapo ya meli hizo, Sergey Kotov, ilizamishwa na boti zisizo na watu za Ukraine karibu na Krimea. Aliyekosea hapo ni aliyeipeleka, mhandisi simlaumu.

Mwisho, hela. Bei ya kununua ndiyo inayotangazwa, ila meli hizi zinakwama kwa mambo mengine. Ayalandi ina meli nzuri, mpya, na mwaka 2023 baadhi zilibaki gatini kwa kukosa mabaharia, mafundi hasa. Jirani zetu Kenya waliagiza KNS Jasiri Hispania mwaka 2003, ikafika Mombasa 2012, na KNS Nyayo na KNS Umoja zilibidi ziende hadi Italia kufanyiwa matengenezo makubwa. Hesabuni miezi ambayo nchi haina meli hizo majini, halafu ndiyo mje kulinganisha idadi ya makombora.

Aliyewahi kufanya kazi kwenye chelezo cha Mtongwe, kambi ya wanamaji wa Kenya kule Mombasa, bila kutoa siri za watu, aje atuambie: siku hizi turbo na gia boksi zinafunguliwa palepale au bado vinasafirishwa nje?