Watakuketisha wapi?

Mwanangu,

Shalom. Barua yako tumeisoma mara mbili, mara ya pili mama yako akiwa ameishika yeye. Unasema chama kimekualika ufungue mkutano wao wa kampeni kwa sala, kwamba mgombea ni mtu mwema na mcha Mungu, na unauliza: ukubali au ukatae?

Mimi nauliza kwanza: watakuketisha wapi?

Usicheke. Siku ile nilipoalikwa mimi kuomba kwenye mkutano kama huo, ulikuwa na miaka kumi na mmoja, ndiwe uliyenibebea Biblia, na nadhani unachokumbuka ni ngoma na vipaza sauti. Mimi nakumbuka kiti. Kilikuwa safu ya mbele, kimefunikwa kitambaa cheupe, kushoto kwangu mgombea, kulia mweka hazina wake, mbele yetu meza ya maua. Nilikuwa nimejiambia nitaomba dakika tatu niondoke zangu, kama mtu aliyeitwa kuombea nyumba mpya. Nikaomba. Sala ilikuwa nzuri, sitajifanya mnyenyekevu. Niliombea amani, yatima, mahakimu. Umati ukaitikia "Amina" hadi turubai likatikisika, na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia raha. Nikaketi. Mgombea akashika kipaza sauti, akaniwekea mkono begani, akasema, "Mmesikia wenyewe. Mchungaji ameshaomba, Mungu ameshajibu." Kisha akaanza kuwatukana wapinzani wake mmoja mmoja, hadi na mama zao. Saa moja na nusu. Nisingeweza kuinuka bila kuruka meza, ndivyo nilivyojidanganya. Meza yenyewe haikunifika kiunoni.

Jumapili iliyofuata yule mama aliyekufundisha kuimba sauti ya pili hakuja kwenye Meza ya Bwana. Mwanawe alikuwa mmoja wa waliotukanwa. Jumapili ya pili, hakuja. Baada ya ya tatu nikamfuata nyumbani. Alinikaribisha vizuri, akanisogezea kiti, akasema, "Mchungaji, amina yangu huwa nakupa umpelekee Mungu. Safari hii umempa mtu." Basi. Hakuongeza neno. Hadi leo, nikiwa nanyoa ndevu, huwa namtungia jibu, na halijawahi kutosha. Alirudi kanisani, ndiyo, lakini kwa miaka minne alipokea ushirika kwa mkono wa mwenzangu tu. Mimi akinipita huku anatabasamu. Lile tabasamu!

Ndipo lilipozaliwa neno langu mnalonitania kila tukikusanyika: mchungaji akae pale anapoweza kuinuka.

Sasa nikupeleke Milano, Italia. Unaijua ile picha ya sebuleni, mimi na koti la kuazima mbele ya matofali mekundu. Nilikuwa narudi kutoka mkutano wa wachungaji, tuna saa tisa za kusubiri ndege, wenzangu wakaenda madukani. Mimi nikaenda kumtafuta Ambrosi, askofu wa kale wa mji ule. Yuko chini ya madhabahu ya kanisa lenye jina lake, mifupa mitupu iliyovikwa mavazi ya kiaskofu, amelala katikati ya mashahidi wawili, Gervasius na Protasius. Nilisimama pale muda mrefu kuliko ulivyonitosha. Huyu ndiye aliyemwandikia Kaizari Theodosius wa Roma mwaka 390, baada ya askari wake kuua maelfu ya watu Thesalonike, kwamba hataadhimisha Meza ya Bwana yeye akiwepo mpaka atubu. Barua akaiandika kwa mkono wake mwenyewe ili isisomwe na wengine. Kaizari akavua mapambo ya kifalme, akatubu kanisani watu wakiona. Nikasema moyoni: huyu alijua kuinuka. Nikalia kidogo, nikafuta miwani, nikatoka nikapigwa picha.

Laiti ningeishia hapo. Nilipofika nyumbani nikasoma zaidi, na sasa sipati usingizi mzuri na Ambrosi. Miaka miwili kabla ya hayo, mwaka 388, Wakristo wa Callinicum, mji wa kando ya mto Frati, walichoma sinagogi la Wayahudi, askofu wao akihusika. Kaizari akaamuru askofu huyo alijenge upya kwa gharama zake. Amri ya haki, au siyo? Ambrosi akaipinga. Akamkabili kaizari ndani ya kanisa, akagoma kuendelea na ibada mpaka aahidi kuifuta. Kaizari akaahidi. Ujasiri uleule, mtu yuleyule, na safari hii waliochoma nyumba ya sala ya wenzao wakapona.

Kwa hiyo kuinuka peke yake hakutoshi, na hapo kanuni yangu inachechemea, najua. Tena naweza kujigeuka: nabii Nathani angemwambiaje Daudi "Wewe ndiwe mtu huyo" kama hakuwa na desturi ya kuingia nyumbani mwa mfalme? Lakini nabii wa uongo Zedekia naye alikuwa akiingia kwa mfalme Ahabu, na pembe zake za chuma, na manabii wapatao 400 nyuma yake, wote wakimwambia panda vitani, utashinda. Mikaya, nabii aliyemwambia kweli, ndiye aliyelazimika kutumiwa mjumbe. Nadhani hilo lina maana. Au pengine napenda tu kudhani hivyo, kwa kuwa mimi nilikuwa katika wale 400.

Mama yako, ambaye siku ile alininyoshea kola bila kusema neno (unajua kunyamaza kwake), ananikumbusha kwamba hukuuliza habari za Milano. Anasema pia una miaka thelathini na minne na una usharika wako, nisikuamulie. Sawa. Jibu ninalo, nimeliandika kwenye karatasi nyingine, naye ameichukua na kuiweka katikati ya kitabu chake cha nyimbo.

Lakini uliza kuhusu kiti. Uliza na nani atazungumza baada yako, na kama una ruhusa ya kuondoka kabla hajaanza. Halafu tazama, kwenye usharika wako, mwana wa nani yuko upande wa pili.

Ukikubali, nitumie tarehe na saa, nitakuwa nimepiga magoti. Ukikataa, niambie pia, ila usinieleze sababu. Nitafurahi mno, na mama yako ataniona.

Baba yako