Mapokezi ya kliniki ya mifugo: kompyuta baadaye, simu kwanza

Wadogo zangu wanaomaliza chuo huniuliza wasome kozi gani ya kompyuta ili wapate kazi ya ofisini kwenye kliniki ya mifugo. Yoyote itatosha. Ukijua kuandika barua na kujumlisha kwenye Excel, umeshavuka. Nimekaa mapokezi pembezoni mwa Arusha kwa miaka kadhaa. Wateja wetu ni wenye mbwa na paka wa mjini, wenye kuku wa mayai, na wafugaji wa ng'ombe wa maziwa wa miteremko ya Meru. Wengi wanaoanza kazi hii naona wanashindwa na simu.

Mfugaji hapigi kuomba miadi. Anapiga na kusema, "Dada, ng'ombe wangu simwelewi." Usikimbilie kumjibu kwamba daktari atakuja. Muulize: anakula? Anacheua? Alizaa lini? Tumbo limevimba, na ni upande gani? Akikwambia limejaa upande wa kushoto na ng'ombe anahema kwa shida, hiyo haisubiri paka amalize kuchomwa chanjo. Gonga mlango, mwambie daktari hapo hapo. Na unapoandika, andika maneno ya mfugaji kama alivyoyasema. Akisema miguu inatetemeka tangu alfajiri, andika hivyo hivyo. Kuutaja ugonjwa ni kazi ya daktari, hata kama wewe umeshaubahatisha.

Simu za kupandisha ng'ombe ndizo zinazomtambulisha karani anayeijua kazi. Mzee anapiga saa mbili asubuhi: ng'ombe wake anapanda wenzake na anatoa ute. Ukimpangia mhimilishaji, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija, aende kesho mchana kwa sababu leo ratiba imejaa, umemchelewesha mzee wa watu wiki tatu, maana joto, ule wakati ng'ombe anapotaka dume, hurudi baada ya siku 21 hivi. Ng'ombe aliyeonekana kwenye joto asubuhi hupandishwa jioni ya siku hiyo; aliyeonekana jioni hupandishwa kesho yake asubuhi. Kwa hiyo swali lako la kwanza ni "Umeanza kumwona saa ngapi?" Akishapandishwa, weka kwenye kalenda siku ya 18 hadi ya 24, kisha umpigie mzee amchunguze kama joto limerudi. Kwa vocha ya simu moja tu, mteja huyo hahami.

Tarehe nyingine ya kuilinda kama pesa ni ya maziwa. Ng'ombe aliyechomwa antibiotiki, maziwa yake hayauzwi wala hayanywewi mpaka ziishe siku zilizoandikwa kwenye lebo ya dawa. Daktari atamweleza mfugaji, lakini mtu mwenye ng'ombe mgonjwa husikia nusu. Mwandikie kwenye risiti tarehe kamili ya kuanza kuuza tena, umsomee kwa sauti, tena mbele ya mkewe ikiwezekana, maana mara nyingi mama ndiye anayepeleka maziwa.

Kwa upande wa mbwa, usitafute faili kwa jina la mnyama. Kina Simba waliosajiliwa kwetu ni wengi kuliko wa Serengeti. Tafuta kwa namba ya simu ya mwenyewe, na chukua namba mbili, kwa sababu watu hubadilisha laini. Tarehe ya kurudia chanjo iandike kwenye kadi ya mteja na kwenye daftari lako pia. Kadi hupotea, nyingine hutafunwa na mwenye kadi mwenyewe.

Mtu akipiga kusema mbwa kamng'ata mtoto, habari za mbwa ziwe za pili. Mwambie aoshe kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha ampeleke mtoto hospitali leo leo. Baada ya hapo ndipo uulize mbwa yuko wapi, ana chanjo ya kichaa, na anaweza kufungiwa mahali salama aangaliwe kwa siku 10. Watu wengi hufikiria kumuua mbwa kwanza.

Friji ya chanjo nayo huwa iko chini ya karani hata kama mkataba hausemi. Ikae kati ya nyuzi 2 na 8. Soma kipimajoto asubuhi na jioni, andika, weka saini. Umeme ukikatika, andika saa ulipokatika na uliporudi, na usiruhusu mtu afungue mlango "kuchungulia tu". Soda za wafanyakazi zitafutiwe pengine. Kwa hili mimi sina urafiki na mtu.

Pesa sitazisemea sana. Ujumbe wa malipo ulio kwenye simu ya mteja si malipo. Subiri uingie kwenye simu ya ofisi. Wafugaji wengi hulipwa maziwa mwisho wa mwezi, kwa hiyo mikopo ipo tu. Iandike mbele yake, asaini. Lakini aliyemleta mbwa wake kulazwa usingizi wa mwisho, malizana naye fomu na malipo kabla ya kuingia, umpitishe mlango wa nyuma akitoka. Kumsimamisha kaunta akingoja chenji huku analia ni ukatili.

Ukiitwa kwenye usaili, uliza kama mwajiri atakugharamia chanjo ya kichaa cha mbwa wewe mwenyewe. Karani naye hushika mbwa; siku msaidizi hayupo, utaitwa wewe ukamshike kichwa.