Kabla hujaliweka jina la ukoo wenu katikati ya jina la mwanao

Mdogo wangu anatarajia kujifungua mwezi ujao, mtoto wa kiume, na juzi kanipigia simu: "Dada, na mimi nataka kumweka Lyimo katikati. Ulifanyaje?" Tuliongea karibu saa nzima. Nimeona niyaandike, maana si yeye peke yake anayeniuliza.

Baba yetu ana mabinti wanne, hana mtoto wa kiume. Nilipopata ujauzito wa kwanza nilishaamua moyoni kwamba akija wa kiume, Lyimo haliishii kwangu. Mume wangu ni Mnyakyusa, jina lao la ukoo linaanza na Mwa- kama mengi ya kwao, na kwamba mtoto atalibeba mwishoni hakukuwa na mjadala. Mimi nikaomba katikati tu: jina lake mwenyewe, Lyimo, kisha ukoo wa baba yake. Mume wangu akakubali palepale, hatukuulizana zaidi. Baba nilipomwambia kwenye simu alinyamaza, halafu akasema, "Ahsante, mama." Hajawahi kuniita mama kabla ya siku hiyo.

Tusichokiwaza ni kwamba kwetu Tanzania hapo katikati pana mwenyewe. Ukisikia majina matatu ya mtu, la pili unalichukua kuwa la baba yake bila hata kufikiri. Ali Hassan Mwinyi ni Ali wa Hassan. Mwanawe aliyekuja kuwa Rais wa Zanzibar mwaka 2020 ni Hussein Ali Mwinyi, na nasaba unaisoma hapohapo. Majirani zetu Waislamu wa pwani wanalichukulia jambo hili kwa uzito zaidi, kwa sababu Qurani yenyewe imeagiza watu waitwe kwa baba zao. Kama ndoa yenu ni ya upande huo, usilianze wazo hili kabla hujakaa na wakwe.

Marekani jambo hili halimshangazi mtu. John Fitzgerald Kennedy, aliyezaliwa mwaka 1917, hilo Fitzgerald ni ukoo wa mama yake, na babu yake mzaa mama aliwahi kuwa meya wa Boston. Franklin Delano Roosevelt, Delano ni kwao mama yake. Richard Milhous Nixon, vilevile. Ufilipino ndiyo desturi kabisa, katikati ni ukoo wa mama. Wenzetu hao wanaweza kufanya hivyo kwa sababu msomaji wa kwao hatafuti jina la baba hapo. Wa kwetu analitafuta.

Mimi niliyaona haya wodini. Nesi aliyekuwa anajaza tangazo la kizazi alikuwa na wazazi wengine wanamsubiri. Akaandika jina la kwanza, alipofika la pili akainua kichwa. "Lyimo ndiye baba mtoto?" Nikamwambia hapana, ni ukoo wetu mimi. Akashuka kwa kalamu hadi kwenye mstari wa jina la baba, akarudi juu, akasema "haya mama", akaandika LIMO. Sikuona. Mume wangu alikuwa amekwenda nyumbani kufuata mtori, na mimi hata nusu siku ilikuwa haijapita tangu nijifungue. Tuligundua cheti cha kuzaliwa kiliposhatoka, na kulirudisha hilo "y" moja kulitugharimu kiapo kwa wakili na safari nne.

Kwa hiyo mdogo wangu nimemwambia: andika jina lote kwa herufi kubwa kwenye karatasi, iweke kwenye mkoba wa hospitali pamoja na kanga, na mpe nesi ile karatasi, usimtajie kwa mdomo. Jina la ukoo wa Marangu si lazima lijulikane na nesi wa mkoa mwingine. Halafu soma tangazo kabla hujatoka, herufi kwa herufi. Sajili ndani ya siku 90, na cheti nacho kisome ukiwa bado dirishani.

Lakini kosa la herufi lilirekebishika. Lililoniumiza lilikuja shuleni. Kwenye kikao cha wazazi, mwanetu akiwa darasa la pili, mwalimu alisoma orodha akaita, "Mzee Lyimo." Kimya. Akaita tena. Mara ya tatu ndipo mume wangu alipoelewa kwamba anaitwa yeye, akasimama. Hakumsahihisha mwalimu. Tukarudi nyumbani kwa daladala, hakusema neno. Usiku, watu wamelala, akaniambia, "Mama, jina la mzee naliheshimu, unajua. Ila mwanangu ukimsoma kwenye karatasi, mimi simo."

Na kweli hakuwemo. Ukoo wake ulikuwa mwishoni, lakini jina lake yeye, alilopewa na mama yake, halikuwa popote. Nilikuwa nimemtoa mume wangu ili nimwingize baba yangu, na nilifanya hivyo kwa mapenzi matupu. Ninalisema wazi kwa sababu wengi tunaangalia jina linaloingia, hatuangalii linalotoka.

Wa pili alipozaliwa, naye wa kiume, tulikaa mezani miezi mitatu kabla. Kwetu Wachagga mtoto wa pili wa kiume humrudisha babu mzaa mama, kwa hiyo haki ya jina ilikuwepo, suala lilikuwa mahali pa kuliweka. Tukampa majina manne: jina lake na Lyimo yote mawili kwenye nafasi ya jina la kwanza, jina la baba yake katikati, ukoo mwishoni. Lyimo hapo ni jina lake mwenyewe, hakuna anayedhani ni baba. Si jambo geni. Julius Kambarage Nyerere, Kambarage ndilo alilopewa alipozaliwa mwaka 1922, Julius likaja na ubatizo mwaka 1943, na Nyerere ni jina la baba yake, Chifu Nyerere Burito wa Wazanaki. Yote mawili ya mbele ni ya kwake.

Majina manne yana usumbufu wake. Kuna fomu zenye visanduku vitatu tu, na kuna karani atakayekata moja bila kukuuliza. Amueni mapema lipi lisikatwe kamwe, na jina liandikwe namna moja kila mahali: kliniki, ubatizo, shule, pasipoti. Zaidi ya yote, hakikisheni kabla mtoto hajasajiliwa kwa mtihani wa darasa la saba na wa kidato cha nne. Majina yakishapishana na ya cheti cha kuzaliwa, atakuja kuhangaika nayo yeye mwenyewe siku anaomba mkopo wa chuo au kitambulisho cha taifa.

Huyu mkubwa tulitaka kumbadilishia. Baba yake ndiye aliyesema kwanza aulizwe mwenyewe. Akakataa. Akasema Lyimo ndiyo anaitwa na wenzake uwanjani, na baba yake kila mtu anamjua.

Alipoanza kidato cha kwanza babu yake alikuwa kwetu. Madaftari kumi mezani, yamefunikwa kwa karatasi za kaki, mtoto anaandika majina, babu amevaa miwani anafuatilia. Kwenye la tatu mzee akaweka kidole juu ya jalada. "Hapo. Vuta mkia wa hiyo 'y' uonekane." Mume wangu akamsogezea peni nyingine, ile ilikuwa inaishiwa wino.